Mayi Iko Wapi?



Juma lililopita kwenye mkutano mama mmoja alituuliza mbele ya wote: “Ni kweli mlienda kulala kwenye mchanga kama Wazungu?” Watu walicheka, na sisi tukacheka. Ndiyo, ni kweli. Tulilala kwenye mchanga, tukaoga maji ya chumvi, tukala pweza. Lakini kule Zanzibar kulitokea jambo ambalo tumeona vema kuliandika katika ukurasa huu, kwa sababu linagusa nyumba nyingi za hapa Fungurume, hata nyumba ambazo hazina haja na bahari.

Tuanze na wageni. Yaya wetu anaishi Ubelgiji miaka kumi na minne sasa. Kazi yake ni kutunza wazee, na mara nyingi anafanya zamu ya usiku. Likizo kubwa hii alikuja na watoto wake wawili, msichana wa miaka 11 na kijana wa miaka 6. Hawakuwa wamewahi kuona nyumba ya kambo yao. Mnajua namna tunavyopokea wageni: kuku, bukari, sombe, majirani mlangoni, nyimbo. Siku tatu za kwanza zilikuwa za furaha tupu.

Baadaye kelele ilipoisha, tuliona kitu. Kambo alikaa upande mmoja wa uwanja akimenya karanga, wajukuu walikaa upande mwingine na telefone. Kambo anajua “bonjour” na “merci”. Watoto walijua “jambo”. Baada ya maneno hayo matatu hakukuwa na kingine. Walitazamana kama watu wawili kwenye kituo kimoja, kila mmoja anangoja bisi yake. Vumbi la malori nalo halikusaidia. Yule kijana alikohoa, mama yake akamfungia ndani, na kambo akabaki nje peke yake na karanga zake.

Ndipo yaya alipotoa neno lake. Alikuwa ameweka makuta kwa miaka mitatu ili awapeleke watoto baharini. Alitaka twende Zanzibar pamoja: yeye, watoto wake, sisi na watoto wetu wawili, na kambo. Bwana yetu angebaki kazini. Ndugu wengine walikasirika. Walisema makuta hayo yangetosha kubadilisha mabati ya nyumba nzima. Hata sisi tulisema hivyo, tena kwa sauti. Kambo ndiye aliyemaliza mazungumzo. Alisema bibi yake aliyemlea alimsimulia habari za watu wa kwetu waliopelekwa mashariki mpaka kwenye maji makubwa, na hakuna aliyerudi. “Miye nataka kuona ile mayi. Mabati nitayaona kila siku.”

Basi tukaanza kutafuta karatasi. Kwa wamama wanaofikiri safari ya namna hii, pasipoti ya mtu mzima na ya mtoto ianze mapema sana, na kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano kila mtu awe nacho mkononi, si kwenye mfuko ulio chini ya mizigo. Tulishuka Lubumbashi, tukavuka Kasumbalesa, tukaingia Zambia mpaka Kapiri Mposhi. Pale ndipo inapoanzia reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1860 mpaka Dar es Salaam. Treni tuliyopanda inaitwa Mukuba. Kambo alipoambiwa jina hilo alicheka mpaka machozi: “Basi tumepanda mali yetu wenyewe.”

Safari ni ndefu, siku na usiku, lakini watoto hawakuchoka. Walihesabu mapango ambamo treni inapita gizani kati ya Makambako na Mlimba. Karibu na mwisho, treni inapokata mbuga ya wanyama, waliona twiga, na yule kijana wa Ubelgiji akamvuta kambo mkono ili aone pia. Tuliliona hilo, hatukusema kitu.

Toka Dar es Salaam kwenda Unguja ni mashua kubwa, karibu saa mbili juu ya maji. Kambo hakufungua mdomo njia nzima. Alishika ncha ya kikwembe chake kwa mikono miwili.

Unguja mjini tulikaa siku mbili, na hapo Kiswahili chetu kilituchekesha. Mwenye nyumba ya wageni alisikia tunamwita dada yetu mkubwa “yaya”, naye kwa heshima akamtafutia kitanda kidogo katika chumba cha watoto. Kwao yaya ni mtumishi anayelea watoto wa watu! Tulipomweleza aliomba radhi mara kumi. Kesho yake mke wake naye akatuuliza kwa sauti ya chini kwa nini watoto wanamwita bibi yao “kambo”, maana kwao baba wa kambo au mama wa kambo ni yule asiyekuzaa. Alidhani kuna ugomvi katika ukoo wetu. Sisi tunasema masomo, wao wanasema skuli. Sombe yetu kwao ni kisamvu, na kinga wanaiita baiskeli. Kambo alisikiliza yote, kisha akatoa hukumu: “Hawa wanasema Swahili kama kitabu.” Lakini walimwelewa, naye aliwaelewa. Sokoni Darajani alipunguza bei ya viatu vya plastiki bila msaada wetu.

Asubuhi ya pili tulimpeleka mahali alipotaka. Katika mtaa wa Mkunazini pana kanisa kuu la Waanglikana, lililojengwa juu ya soko la zamani la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Ndani ya kanisa kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, pale moyo wa Livingstone ulipozikwa mwaka huohuo wa 1873. Chitambo iko upande wa Serenje, na Serenje tulikuwa tumeipita na treni yetu. Tuliwaeleza watoto kwa Kifaransa na kambo kwa Kiswahili, zamu kwa zamu, kama darasani. Tuliwaambia kwamba Msiri, aliyetawala Bunkeya, alitoka kwa Wanyamwezi, upande ule ambao sasa ni Tanzania. Kwamba misafara yake ilibeba pembe za ndovu, mukuba na watu, mingine kuelekea mashariki na mingine kuelekea Benguela upande wa magharibi. Na kwamba msafara wa Stairs, ambamo Msiri aliuawa Desemba 1891, ulianza safari yake katika pwani hii hii. Bunkeya si mbali na kwetu. Mnapanda lori na mnafika.

Kambo alisimama mbele ya lile shimo muda mrefu. Halafu akauliza kama wale watu walivushwa kwa miguu njia yote ile tuliyopita na treni. Tulimjibu kwamba wale waliotoka kwetu walitembea mpaka pwani, ndiyo. Hakulia. Alivua viatu vyake vipya, akasimama miguu mitupu juu ya mawe, kisha akavivaa tena. Yule msichana wa miaka 11 alimuuliza mama yake kwa nini kambo amefanya vile. Mama yake akamwambia, “Muulize mwenyewe.” Hakuweza kumuuliza.

Mchana tuliwapeleka watoto kisiwa cha Changuu, kwa sababu si vizuri kumaliza siku ya mtoto pale Mkunazini. Ni nusu saa hivi kwa mashua ndogo. Pana kobe wakubwa ajabu. Wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kijana wetu wa mwisho alitaka kumpandia mmoja, akakatazwa, akanuna mpaka jioni. Kuna nyumba ya jela pia, ambayo baadaye ilitumika kuwaweka wasafiri waliohofiwa kuwa na magonjwa. Tuliogelea kidogo, maji ni safi kama ya kunywa. Tusikawie hapo.

Siku iliyofuata tulichukua daladala mpaka Jambiani, pwani ya mashariki, tukapanga nyumba ndogo karibu na mchanga. Tulifika jioni, bahari imejaa, mawimbi yanagonga karibu na ukuta. Asubuhi kambo aliamka wa kwanza kama kawaida yake. Tulisikia anagonga mlango kwa nguvu. “Bana bangu, amukeni! Mayi iko wapi? Jana ilikuwa hapa!”

Tulitoka nje. Ni kweli, bahari ilikuwa imeondoka. Kulikuwa na mchanga mweupe, madimbwi na majani, na mashua zimelala ubavu; maji yenyewe tuliyaona mbali sana, mstari mweupe kwenye mwamba. Wamama wa kule walituelezea. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, karibu saa sita kupwa na saa sita kujaa, na kila siku saa zake zinasogea karibu dakika hamsini. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huenda mbali zaidi na hurudi kwa wingi zaidi. Wanayaita maji ya bamvu. Siku za katikati ni maji mafu, hayana nguvu. Sisi tulifika wakati wa bamvu.

Bamvu ndiyo siku za kazi za wamama wa mwani. Mwani ni majani ya baharini. Ukulima wake ulianza pale Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaoufanya ni wanawake. Wanapigilia vijiti mchangani, wanafunga kamba kati ya vijiti, na kwenye kamba wanafungia vipande vidogo vya mwani. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika, wanauza. Unapelekwa nje, unatolewa utomvu unaoingia katika dawa ya meno, aiskrimu na mafuta ya kujipaka. Aina ile yenye bei nzuri inakufa maji yakipata joto, nao walisema maji ya siku hizi yana joto kuliko zamani, basi wengi wamebaki na ile ya bei ndogo. Wengine wameanza kutengeneza sabuni ya mwani wenyewe ili wasitegemee mnunuzi. Mmoja alituuliza kama sisi tuna upatu. Tulipomweleza likelemba yetu alipiga makofi: ni kitu kilekile! Kila mmoja anatoa, mmoja anachukua, kisha zamu ya mwingine. Naye, kama sisi, ana hadithi ya yule aliyechukua wa kwanza akahama kijiji.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Siku ya tatu maji yalikuwa yamepwa. Yaya alikuwa amelala, usingizi wa miaka kumi na minne ya zamu za usiku. Sisi tulienda dukani kununua mkate, tukamwacha kambo chini ya mvinje akiwaangalia watoto wanne. Watatu walikuwa karibu wanachimba. Yule wa miaka 6 alifuata kaa, halafu kiti cha pweza, halafu kaa mwingine, mpaka akafika mbali kwenye vijiti vya mwani. Maji yakageuka.

Tuliosoma tunafikiri bahari inarudi kwa mbele, kama pazia. Sivyo. Inaingia kwanza katika mikondo ya chini, inajaza nyuma yako wakati mbele bado unaona mchanga. Kambo hakusoma, lakini alikulia karibu na mto na aliyajua maji yanayozunguka. Alisimama akaita: “Kuya! Kuya huku! Rudia!” Kijana alimsikia. Aligeuka, akamwona kambo anapunga mikono na kupiga kelele, akacheka, naye akampungia mkono. Alidhani anasalimiwa.

Kambo aliita tena, naye akapunga tena.

Tulipotokea njiani na mkate tuliona kambo ameingia majini na kikwembe chake mpaka magoti, na kule mbele mama mmoja wa mwani ametupa gunia lake, anatembea haraka kuelekea kwa mtoto. Maji yalimfika yeye magotini, mtoto yalimfika kifuani. Alimbeba mgongoni bila neno, akamtua mbele ya kambo, kisha akarudi kutafuta gunia lake lililokuwa linaelea. Yote hayo hayakuchukua dakika kumi. Mtoto hakuelewa hata kidogo kwamba kulikuwa na hatari. Alituonyesha kaa.

Usiku ule watoto walipolala, yaya alilia. Sisi kwa hasira tulimwambia neno kali: unazaaje watoto wasioweza kusikia mama yako akiwaita? Alijibu bila kupaza sauti. Alisema anarudi nyumbani saa moja asubuhi, watoto wanaenda masomo saa mbili. Anawaona jioni saa mbili au tatu tu kabla ya kutoka tena. Alisema mwalimu wa yule msichana alimwambia aongee Kifaransa peke yake nyumbani, ama mtoto atachelewa kusoma. “Niliambiwa na mwalimu,” alisema. “Wewe si mwalimu? Wewe unawaambia nini wamama wa kwako?”

Wamama, hapo tulinyamaza. Maana wako baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu ambao tuliwaambia neno lilelile. Tuliwaambia hapa Fungurume, kwenye mkutano wa wazazi, na ubao nyuma yetu: mtoto aongee Kifaransa nyumbani kama mnataka apite. Na wengine walitutii. Tunawajua watoto ambao mama anawasemesha Kifaransa cha kuungaunga, na kambo wao anakaa upande mwingine wa uwanja. Hawahitaji kwenda Ubelgiji. Tulisoma ualimu, tunajua kwamba Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kwamba sheria ya elimu ya 2014 inakubali mtoto afundishwe kwa lugha za taifa. Tunajua tangu chuoni kwamba mtoto mwenye lugha imara ya nyumbani anajifunza ya pili vizuri zaidi. Tuliyajua, na bado tulisema tulivyosema, kwa sababu Kifaransa ndicho kinachoonekana kwenye karatasi ya mtihani. Yaya tulimwomba radhi usiku uleule. Ninyi tunawaomba leo.

Kambo hakugombana na mtu. Asubuhi alimshika kijana mkono, akaenda naye mpaka ukingo wa maji, akaanza. “Mayi.” Mtoto akasema, “Mayi.” “Kuya.” Alirudi hatua kumi nyuma, akaita, mtoto akaja mbio. “Simama.” “Ngoja.” “Rudia.” Hakuanza na rangi wala namba, kama sisi walimu tungefanya. Alianza na maneno ya kumwokoa mtoto. Siku ya pili aliongeza “njaa” na “inaumiza”. Mtoto naye alimfundisha “attention”, na kambo akaitumia kwa kila kitu, hata kwa kuku wa mwenye nyumba. Wale wamama wa mwani walipita wakamsahihisha mtoto kwa wema: “Sema maji, siyo mayi. Sema njoo, siyo kuya.” Kambo aliwajibu: “Kwetu ni kuya. Huyu akija kwangu atasikia kuya.” Walicheka, wakamwacha. Mpaka tunaondoka mtoto alikuwa anasema yote mawili.

Yule msichana mkubwa alichelewa zaidi, alikuwa na haya. Lakini siku ya mwisho alikuja kwetu na swali limeandikwa kwenye telefone kwa herufi za Kifaransa, akaomba tumsomeshe matamshi yake. Akaenda akamuuliza kambo kwa Kiswahili kwa nini alivua viatu pale Mkunazini. Kambo alimjibu maneno mengi, kwa kirefu. Tulitaka kutafsiri, yaya akatuvuta mkono tukae.

Kwa wale mtakaokwenda siku moja: muulizeni mwenyeji kila usiku saa ya maji ya kesho, na msiwaache watoto wapite vile vijiti vya mwani bila mtu mzima. Viatu vya plastiki ni vya lazima, miiba ya baharini haina huruma na tuliitoa mitatu kwenye mguu mmoja. Vijijini ni nchi ya Waislamu, funikeni mabega na magoti mkitoka mchangani; vikwembe vyetu vinatosha na vilisifiwa sana. Julai na Agosti upepo wa kusi unavuma, jua halionekani kali, lakini linaunguza. Muulizeni yaya mgongo wake. Na mama ambaye likelemba yake haifiki Zanzibar, somo la kambo halihitaji bahari, linaweza kuanzia kwenye uwanja.

Wageni wamerudi kwao. Jumapili jioni telefone inalia, na tunasikia kutoka jikoni sauti ndogo inauliza, “Kambo, mayi iko wapi?” Kambo anajibu kulingana na siku: imeenda, inarudi. Anahesabu kwa kutazama mwezi, na hatujui kama anahesabu sawasawa.

Alileta chupa moja ya maji ya bahari. Iko juu ya kabati karibu na chumvi. Majirani wamekuja mmoja mmoja kuonja kwa ncha ya kidole, na sasa imebaki chini ya nusu. Mama anayetaka kuonja aje kabla ya Jumamosi, asije na kikombe.